Leso ya Karatasi



Shukrani zote ni za Allah Subhanahu wa Taala, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu msomaji, majuma mawili yaliyopita, baada ya swala ya Isha, mzazi mmoja alinisubiri mlangoni mwa msikiti, mkononi ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. Tulipeana mikono, tukajuliana hali kama ilivyo ada yetu, kisha akaikunjua karatasi ile chini ya taa. Ilikuwa ni leso iliyochorwa na bintiye wa miaka tisa. Pindo limezungushwa korosho nyekundu, mji una maua na majani, na pale mahali pa jina pameandikwa kwa herufi kubwa zilizopindapinda: MNIULIZE NA MIMI.

“Sheikh,” akaniambia, “mimi mwanangu nilimleta chuoni asome Qur’ani. Hii nayo ni nini?”

Sikumjibu kwa urefu usiku ule, kwani watu walikuwa wakitupita na mambo ya nyumba za watu hayazungumzwi mlangoni. Nilimwahidi kuwa nitamjibu katika ukurasa huu, kwa kuwa nimesikia wengine pia wananong’ona. Kabla ya kuandika nilimwomba idhini yeye, na nikamwomba binti mwenyewe kupitia kwa mama yake. Binti alikubali kwa sharti moja, nalo ni kwamba maneno ya leso yake nisiyaandike kama yalivyo. Basi hayo mliyoyasoma hapo juu si yake, ni ya karibu yake tu.

Yaliyotokea ni haya. Katika likizo ya Agosti, walimu wetu wa chuo, pamoja na baadhi ya walimu wa shule ya msingi iliyo jirani, walikaa siku tatu kwa mafunzo. Mafunzo yenyewe yalihusu namna ya kutumia sanaa za kuonekana kwa macho, kama vile kuchora, kufinyanga, kukata na kubandika karatasi na kutia nakshi, ili kumsaidia mtoto kuijua nafsi yake, kuzuia ghadhabu zake na kuishi vyema na wenzake. Aliyefundisha ni mama mmoja mstaafu, aliyewahi kuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu. Nami nilihudhuria. Sitaficha kwamba nilikwenda nikiwa na shaka, nikakaa nyuma kabisa na tasbihi yangu, kama mtu aliyekwenda kulinda mlango.

Yule mama hakuanza kwa hotuba. Alitugawia karatasi na kalamu za rangi, akasema, “Kila mmoja achore mahali alipojiona yuko salama alipokuwa mtoto. Watu msichore, choreni mahali.” Akatupa dakika ishirini. Ndugu zangu, mngaliona! Watu wazima wenye ndevu, wengine wamehifadhi Qur’ani yote, wamezishika kalamu za rangi kana kwamba ni makaa ya moto. Maalim mmoja aliyenizidi umri aliifunika karatasi yake kwa mkono kama mwanafunzi anayeogopa kunakiliwa. Mimi nilichora daka la nyumba ya nyanya yangu, na baraza mbili za mawe huku na huku. Mlango nilishindwa kuuchora, ukawa kama kabati lililoanguka. Niliona haya. Na mkufunzi alipoanza kupita baina yetu, moyo ulinidunda, nikajisemea: akifika hapa atacheka, au atasema “zuri” kwa kunionea huruma, na hilo la pili ni baya zaidi.

Hakufanya lolote katika hayo mawili. Aliinama, akaitazama karatasi kwa muda, akasema, “Nieleze, maalim.” Basi. Nami nikajikuta namweleza habari za daka lile, harufu ya udi, sauti ya nyanya akisoma uradi baada ya Alfajiri, mambo ambayo sikuwa nimeyataja kwa miaka mingi.

Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini mafunzo ya namna hii huanza na mkono wa mwalimu kabla ya mkono wa mtoto. Mwalimu asiyewahi kuitoa karatasi yake mbele ya macho ya mtu mwingine hajui anamtaka mtoto afanye nini. Anadhani anatoa zoezi dogo la kupitisha wakati. Kumbe mtoto anatakiwa atoe kitu cha ndani akiweke mezani, mbele ya mtu mwenye bakora.

Sasa tuingie katika swali la dini, kwani najua ndilo lililomleta yule ndugu mlangoni, japo hakulitamka. Picha katika sheria yetu ni jambo zito. Zimepokewa hadithi sahihi za onyo kali juu ya wanaotengeneza sura za viumbe vyenye roho, na hatuna ruhusa ya kuzipita hivi hivi kwa sababu zama zimebadilika. Lakini katika Bukhari imepokewa pia habari ya mtu aliyemwendea Ibn Abbas (r.a.) akamwambia kuwa riziki yake yatokana na kazi ya mikono yake, naye hutengeneza picha. Ibn Abbas alimsomea onyo la Mtume, yule mtu akabadilika uso kwa hofu. Alipoona hali yake, akamwelekeza kuwa ikiwa hana budi na kazi hiyo, basi na achore miti na kila kisicho na roho. Tazameni hekima ya sahaba huyu. Alimfungia mlango mmoja akamfungulia mwingine, mpana. Na katika mlango huo mpana ndimo walimoingia mafundi wetu wa mwambao kwa mamia ya miaka: nakshi za milango ya Lamu, zidaka za chokaa katika nyumba za mawe, kofia za viua, mikeka ya ukindu ya rangi, hina na piko mikononi mwa maharusi. Mwambao huu haukuwahi kuwa na uhaba wa sanaa.

Yuko atakayeuliza, na wanasesere je? Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere wake, na wasichana wenzake wakija kucheza naye, na Mtume (s.a.w.) akiingia wakajificha kwa haya, yeye huwarudisha kwake wacheze. Kwa hadithi hiyo wanazuoni wengi walitoa ruhusa ya wanasesere kwa watoto kwa ajili ya malezi. Wengine walikuwa na maoni tofauti, nasi twayaheshimu. Katika chuo chetu tumechukua njia ya tahadhari: hatuchori watu wala wanyama. Twachora miti, majahazi, nyumba, bahari, mawingu, mistari na nakshi. Shuleni, ambako mtaala wa serikali una somo la sanaa, walimu huenda mbali zaidi. Sitasimama kwenye mimbari kuwahukumu.

Na kama kuna anayedhani kuwa kufundisha kwa mchoro ni jambo lililotujia majuzi kwa ndege, basi na arejee hadithi ya Ibn Mas’ud (r.a.), iliyomo vilevile katika Bukhari. Mtume (s.a.w.) alichora umbo la pembe nne, akapiga mstari katikati yake uliotokeza nje, na pembeni ya mstari ule akachora vistari vidogo vidogo. Kisha akawaeleza kuwa mstari ule ni mwanadamu, umbo la pembe nne ni ajali yake iliyomzunguka, kilichotokeza nje ni matumaini yake, na vile vistari ni misukosuko impatayo. Akinusurika na huu, unamwuma ule. Maneno matupu yangetosha, wallahi, kwani alikuwa ni mfasaha kuliko watu wote. Lakini alichora, masahaba wakatazama, na habari nzito kabisa katika maisha ya mtu, habari ya kifo na tamaa, ikakaa machoni mwao kabla ya kukaa masikioni.

Elimu hii ya nafsi na mahusiano, walimu wa shule wameipokea kwa jina lililotoka ng’ambo. Marekani kuna jumuiya iitwayo CASEL, iliyoanzishwa mwaka 1994, ambayo imeigawa katika mambo matano: mtu kuijua nafsi yake, kuitawala nafsi hiyo, kuwahisi wenziwe, kujenga mahusiano nao, na kufanya maamuzi yenye uwajibikaji. Mtaala wetu mpya wa umilisi, ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019, nao unataja maadili kama upendo, heshima, uwajibikaji, umoja na amani, na unamtaka mwalimu ayapitishe katika kila somo. Kwa aliyesoma vitabu vya wema waliotangulia, haya ni majina mapya ya wageni tunaowafahamu. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, katika Ihya aliueleza moyo wa mtoto kuwa ni kito safi kisichochorwa kitu bado, chenye kukubali kila nakshi. Neno alilolitumia ni hilohilo letu, nakshi, tulilolirithi katika Kiarabu tukalipeleka kwa maseremala. Tena Imam huyohuyo amesema mtoto akitoka chuoni apewe nafasi ya kucheza mchezo mzuri apumzike, kwani kumzuia kucheza na kumlemea masomo daima huuua moyo wake. Nimewasikia wazazi wengi wakimtaja Ghazali kwa ajili ya nidhamu. Ukurasa huo wa mchezo sijamsikia mtu akiutaja.

Turudi kwenye leso, maana hapo ndipo palipo na kiini cha mambo.

Siku ya pili, mkufunzi alitufundisha maswali matatu ya kuongoza watoto wanapotazama kitu pamoja. Maswali haya yalikuzwa na mwanasaikolojia Abigail Housen pamoja na Philip Yenawine, aliyekuwa mkuu wa elimu katika jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York. Mwalimu huuliza kwanza, “Kuna nini hapa?” Mtoto akijibu, humwuliza, “Umeona nini kilichokufanya useme hivyo?” Kisha huwageukia wote, “Tunaweza kuona nini zaidi?” Mwalimu hasemi “sawa” wala “umekosea”. Hurudia tu maneno ya mtoto kwa lugha iliyo wazi na kumwonyesha kwa kidole kile alichokitaja. Rahisi, sivyo? Jaribuni. Sisi walimu wa chuo tulishindwa kabisa saa ya kwanza, kila mmoja wetu ulimi ulikuwa ukimwasha kusahihisha. Kazi yetu ya miaka yote ni kusahihisha: hapa pana idghamu, hapa vuta harakati nne. Katika Qur’ani ni wajibu, wala mtoto hapewi hiari ya kusoma apendavyo. Lakini katika habari za moyo wake, mtoto ndiye aliyesoma, sisi ndio wanafunzi. Kutambua ni saa gani unasahihisha na ni saa gani unanyamaza ni elimu, na elimu hufunzwa.

Mkufunzi alitaka kutuonyesha picha za wachoraji wa Ulaya. Mwalimu mmoja wa kike, mkaazi wa hapa hapa, alisema, “Mama, kwa nini tusitazame leso?” Akavua mtandio wa juu aliokuwa amejitanda, nao ni leso, akautundika ukutani kwa misumari miwili. Tukakaa nao saa nzima. Pindo lililoizunguka kama ukuta. Mji wa katikati. Na jina, yale maneno machache ambayo kila mtu wa pwani anajua kuwa hayakuandikwa kwa bahati. Kina mama zetu wamezungumza kwa leso yale ambayo adabu iliwazuia kuyatamka. Mke akichukizwa humvalia mumewe. Jirani humjibu jirani. Mama humpa bintiye leso siku ya harusi, na ndani yake mna wasia wa miaka ishirini. Hawakuhitaji kupaza sauti, na aliyekusudiwa alielewa.

Hapo likazaliwa zoezi. Mtoto apewe karatasi, achore leso yake. Pindo ni vitu vinavyomlinda, avitie kwa nakshi apendayo. Mji ni mambo yaliyo moyoni mwake kwa sasa, kwa rangi na maumbo. Jina ni lile analotaka kumwambia mtu fulani na hajapata kulisema. Si lazima amtaje mtu huyo. Si lazima asome mbele ya wenzake. Akitaka kuikunja na kuitia mfukoni, ni haki yake.

Tumelifanya zoezi hili Jumamosi tatu sasa, dakika arubaini kila mara, baada ya kumaliza hifdhi. Wengi huandika mambo ya kitoto, na alhamdulillahi wawe watoto: mmoja alitaka kupewa baiskeli, mwingine aliandika kuwa samaki wa jana alikuwa na miba. Kijana mmoja mkorofi, aliyekuwa akipigana kila juma, aliandika maneno mawili tu yaliyoelekezwa kwa mdogo wake, akaomba gundi, akaibandika nyuma ya mlango wa darasa mahali ambapo mdogo huyo hupita. Sikuambieni ameacha ugomvi. Jumatatu alipigana tena. Lakini mwalimu wake sasa ana mahali pa kuanzia mazungumzo, na mwanzo alikuwa na bakora tu.

Naye yule binti wa korosho nyekundu? Alichokiandika alikuwa amekibeba kwa miezi, na walimu wake walidhani ni mtoto mtulivu.

Ndugu wasomaji, yanipasa niseme jambo langu mwenyewe, nisije nikaonekana nahubiri kutoka juu ya minara. Miaka mingi nyuma, nikiwa ustadh kijana, nilikuwa na mwanafunzi aliyechora ubavuni mwa juzuu yake. Nilighadhibika, na ghadhabu yenyewe ilikuwa na sababu, kwani kitabu cha Allah hakichezewi. Nilimchapa. Kisha daftari lake, ambalo halikuwa juzuu, lilikuwa limejaa michoro ileile. Nikazichana kurasa zile mbele ya darasa zima. Zote zilikuwa ni ndege. Si ndege wa angani, ni ndege za kusafiria, moja baada ya nyingine, zenye madirisha madogo. Mwezi mmoja baadaye nyanya yake alikuja kulipa ada, na katika mazungumzo akanieleza kuwa mama wa mtoto huyo alikuwa amekwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani, na ameondoka usiku mtoto akiwa amelala ili asilie. Nilimsikiliza nyanya yule, nikampa risiti, na sikusema kitu. Mtoto naye sikumwambia kitu. Mwaka huo haukwisha akawa ameacha chuo.

Leo ni mtu mzima, ana tuktuk. Tukikutana hunishika mkono kwa heshima, huniita maalim, na mara nyingine hukataa nauli yangu. Kila akikataa nauli ile huniuma. Nilichotakiwa kukifanya siku ile si kuacha kumfundisha adabu ya msahafu. Nilitakiwa nimwulize, “Nieleze.” Mtume wetu (s.a.w.) alimwona mtoto mdogo, Abu Umayr, nduguye Anas (r.a.), amehuzunika, akauliza sababu, akaambiwa amefiwa na kidege chake alichokuwa akicheza nacho. Akamwendea, akamwita kwa kuniya yake kama aitwavyo mtu mkubwa, akamwuliza habari za kile kidege. Mbeba risala, na shughuli zote za umma begani mwake, alipata nafasi ya kuulizia kidege.

Baada ya kusifu, lazima nionye, maana jambo jema likishikwa vibaya hudhuru.

Mwalimu si tabibu wa nafsi. Siku tatu za mafunzo hazimpi mtu ilimu ya kufasiri michoro kama anayefasiri ndoto. Nimesikia walimu wa mahali pengine wakisema mtoto aliyetumia rangi nyeusi ana huzuni, aliyetumia nyekundu ana hasira. Haya ni ramli tu. Pengine mtoto katumia nyeusi kwa sababu wenzake wamezichukua nyingine zote! Mchoro ni mlango wa mazungumzo, na mwenye ufunguo ni mtoto.

Jambo la pili ni siri. Ilitokea katika shule moja, sitaitaja, mwalimu alipendezwa na kazi ya mwanafunzi akaipiga picha akaituma katika kundi la wazazi la WhatsApp. Alikusudia kusifu. Lakini mchoro ule ulionyesha nyumba yenye kufuli nje, na kabla ya Maghribi mtaa mzima ulikuwa ukijadili ndoa ya watu. Mama wa mtoto yule hakutoka nyumbani kwa siku kadhaa. Mtoto naye, nina hakika, hatachora tena mbele ya mwalimu. Kazi ya mtoto ni amana. Haibandikwi ukutani bila ruhusa yake, haipigwi picha, haichekwi katika chumba cha walimu, wala haitiwi alama kumi kwa kumi.

La tatu ni zito zaidi. Ikiwa katika maelezo ya mchoro mtoto amefichua kuwa anadhuriwa, kupigwa kupita kiasi, kunyimwa chakula, au kuguswa pasipostahili, basi hapo siri ina mpaka. Mwalimu asimwahidi mtoto kuwa hatamwambia mtu yeyote. Asimhoji kama askari, wala asimkabili anayetuhumiwa kwa pupa. Asikilize, amhakikishie mtoto kuwa hakukosea kusema, kisha amfikishie mkuu wake na afisa wa watoto. Nambari 116 ya Childline Kenya hupigwa bila malipo. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 iko wazi juu ya ulinzi wao. Najua desturi yetu ya kusitiriana, na sitara ni katika dini. Lakini sitara ya aibu ya mtu mzima kwa gharama ya mwili wa mtoto si sitara, ni dhulma, na atakayeshiriki kuificha ataulizwa.

Kuhusu gharama, wapo wanaodhani mambo haya yanahitaji wafadhili na vifaa vya kuagiza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, viongozi wa Waislamu wa hapa Mombasa walipotafuta njia ya kuwapa watoto wetu elimu bora ya awali bila kupoteza dini yao, ukazaliwa mpango wa madrasa uliosaidiwa na taasisi ya Aga Khan, na Bi Swafiya Said akawa miongoni mwa waanzilishi wake wakubwa. Mpango huo baadaye ulifika Zanzibar na Uganda. Waliochukuliwa kufundishwa ualimu walikuwa ni mabinti wa mitaani mwetu, na vifaa vilikuwa ni vifuu, kombe za pwani, vizibo vya chupa, vitambaa na makasha matupu. Jambo jingine nililojifunza katika habari zao ni kwamba mwalimu hakuachwa baada ya mafunzo. Wakufunzi walimfuata darasani, wakakaa naye, wakamwonyesha. Hapo ndipo ninapohofia hizi siku tatu zetu za Agosti. Semina ikifungwa kwa sambusa na picha ya pamoja, na walimu wasikutane tena, bakora itarudi mahali pake kabla ya mwezi kuandama. Kwa hiyo tumekubaliana walimu wakutane Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi baada ya Asiri. Kila mmoja atakuja na jambo moja lililomshinda, na kabla ya kuzungumza, kila mmoja atachora. Ndiyo, nami pia. Mlango wangu ungali unaanguka.

Kwa ndugu yangu wa mlangoni: hifdhi ya bintiyo haikupungua hata aya moja, na daftari la mwalimu lipo, njoo ulitazame. Umeniuliza mimi karatasi ile ni nini. Naona swali hilo lina mwenyewe, na analala chumba cha pili nyumbani kwako.

Wazazi wote wanaotaka kuona kwa macho yao, karibuni Jumamosi ijayo baada ya Adhuhuri. Mtapewa karatasi nanyi, hakuna mtazamaji. Mafundi wa cherehani walioko karibu na msikiti tunawaomba vipande vya vitambaa msivyovihitaji, na mwenye duka la vitabu akipata kalamu za rangi kwa bei ya jumla atuarifu. Nyeusi ziongezwe, kwa kuwa ndizo zinazokwisha mwanzo: watoto wote wanachorea pindo.

Wabillahi tawfiq.